Sura ya Sita: Upande wa Pili

Wiki ya kwanza ya Januari, foleni kwenye maduka ya vifaa vya shule karibu na Soko Kuu la Arusha hutoka hadi barabarani. Mzazi anaishika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza kama mgonjwa anavyoshika cheti cha dawa, na muuza duka anaisoma kwa sauti huku akishusha vitu rafuni: kaunta buku za kwaya tatu, mkebe wa hisabati, fagio la chelewa ambalo yeye hana ("hilo mama utalipata soko la Kilombero"), na mwishoni, wakati mzazi ameshaanza kuhesabu nauli ya kurudia nyumbani, rimu moja ya karatasi za A4.

Kwa miaka 22 mimi ndiye niliyezipokea rimu hizo. Nilifundisha sekondari kwenye mteremko wa Meru, juu ya Tengeru, na kila Januari nilizihesabu, nikaziandika, nikazipanga kabatini. Neno lenyewe limetembea: Waarabu walisema rizma, yaani furushi, likapita Hispania na Ufaransa, likafika Uingereza, kisha likatujia sisi kupitia mlango wa shule. Furushi hilo lina karatasi 500. Ukizitandaza karatasi 16 za A4 bila kuacha nafasi, zinafunika mita moja ya mraba. Kwa hiyo ile gramu 80 iliyoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa karatasi 16, na kila moja ina gramu 5. Rimu ni kilo mbili na nusu. Wanafunzi 120 wakileta kila mmoja rimu yake, shule imepokea karatasi 60,000 ndani ya wiki moja, kilo 300.

Kwetu kilo hizo hazikufika Desemba. Agosti kabati lilikuwa tupu, na mwalimu wa taaluma alianza kuandika mitihani ya majaribio ubaoni. Sababu ilikuwa mbele ya macho yetu na hatukuiona kwa miaka: kila mtihani ulichapwa upande mmoja, maandishi makubwa, ukurasa wa kwanza ukiwa umejaa maelekezo ambayo kila mwanafunzi anayajua kwa moyo. Mtihani wa kurasa nne ulikula karatasi nne. Tulipoanza kuchapa pande mbili na kuyahamishia maelekezo ubaoni, mtihani uleule ulitosha kwenye karatasi mbili, na mara nyingine moja na nusu.

Nitafika kwenye nembo na viwanda. Lakini jambo ninaloliamini kuliko yote katika sura hii ni hilo. Karatasi ya kawaida kabisa iliyoandikwa pande zote mbili imefanya kazi ya karatasi mbili, na hakuna nembo duniani inayoweza kuifanyia hivyo karatasi iliyotupwa ikiwa na mgongo mweupe.

Sasa tuingie dukani. Ukimuuliza muuzaji karatasi hizi zinatoka wapi, atageuza pakiti na kukusomea jina la nchi ya mbali. Tanzania tuna kiwanda kikubwa cha karatasi, Mgololo huko Mufindi, kilichojengwa miaka ya 1980 karibu na misindano ya shamba la Sao Hill, na matarajio ya wakati ule yalikuwa tujitosheleze hata kwa karatasi za kuandikia. Leo kiwanda hicho kinajulikana zaidi kwa kaki, ile karatasi ya rangi ya mchanga inayotengenezewa mifuko na maboksi. Jina kaki limetoka Uajemi, kwa neno lenye maana ya vumbi. Rimu nyeupe iliyoko mkononi mwako, kwa sehemu kubwa, imevuka bahari.

Watu wa Arusha huniuliza kwa nini tusitumie misindano yetu wenyewe, maana ukipanda kuelekea msituni unaipita safu kwa safu, shamba la miti la Meru-Usa linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Miti ile huishia kwenye mbao na nguzo, na ningependa ibaki hivyo. Kutengeneza karatasi kunataka maji mengi mno. Mti hukatwa vipande vidogo, huchemshwa na kemikali hadi ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi iyeyuke, kisha nyuzi huoshwa na kuoshwa tena. Kwa njia hiyo, karibu nusu ya uzito wa mti ndiyo inayobaki kuwa karatasi. Na Mlima Meru huu wa mita 4,566 ndio unaotunywesha: chemchemi zake na mito yake, Themi, Naura, Burka, ndiyo maji ya mji na ya mashamba ya chini.

Ukipata pakiti yenye alama ya mti ulioungana na alama ya vema, hiyo ni FSC, baraza lililoanzishwa mwaka 1993 kuthibitisha misitu inayovunwa kwa utaratibu. Tusiichukulie kama kitu cha Wazungu tu. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilivyo na mipingo, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation, vilipata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, na vilikuwa vya kwanza Afrika. Kwenye karatasi, alama hiyo huja kwa namna tatu: yenye asilimia 100 inasema nyuzi zote zimetoka misitu iliyothibitishwa, ya mchanganyiko inasema zimechanganywa, na ya tatu inasema nyuzi zote ni za karatasi iliyorudishwa kiwandani. Hiyo ya tatu nimeikuta Arusha mara chache sana, tena kwa bei ambayo shule ya kata haiwezi kuifikiria. Sitamwambia mzazi mwenye watoto watatu kwamba dhambi ni yake.

Kitu anachoweza kukifanya mtu yeyote ni kuangalia gramu. Karatasi ya gramu 70 ina nyuzi pungufu kwa moja ya nane kuliko ya gramu 80, na kwa mashine nyingi inatosha. Ila kuna mtego. Chukua karatasi moja, iweke juu ya ukurasa uliochapwa, uitazame. Ukiyasoma maandishi ya chini bila taabu, karatasi hiyo haitachapika pande mbili. Wino wa nyuma utamsumbua msomaji, mwalimu atarudi kwenye upande mmoja, na ule unafuu wote utakuwa umepotea mara nne. Weupe nao usikudanganye. Karatasi yenye rangi kidogo ya maziwa haina upungufu wowote, na macho huchoka polepole zaidi.

Kwa madaftari ninaangalia mshono. Daftari lililofungwa kwa pini mbili katikati hupoteza karatasi kwa jozi: mtoto akichana moja mwanzoni, ya mwisho nayo inalegea na kutoka. Kaunta buku iliyoshonwa kwa uzi na kutiwa kitambaa mgongoni hugharimu zaidi, lakini nimeona moja ikianza na somo la Historia kidato cha kwanza na kumalizika kidato cha pili ikiwa na kila ukurasa wake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lenyewe pia ni mali, na linahitaji kulindwa.

Kulilinda ndiko kulikotufundisha kaki. Sisi tuliosoma miaka ya 1970 na 1980 tunakumbuka mfuko wa saruji. Fundi akimaliza kumwaga zege, watoto tuligombania mifuko. Tuliukung'uta, tukauchana kwa uangalifu kwenye mishono, tukautupa ubavu wa ndani uliojaa unga wa saruji, tukabaki na ule ulio safi, na jioni hiyo kila daftari lilipata jalada. Lilidumu mwaka mzima, mvua za Aprili zikiwemo. Baadaye nilijifunza kwa nini. Nyuzi za msindano zina urefu wa kama milimita tatu, za mkaratusi kama moja, na karatasi ya mifuko hutengenezwa kwa zile ndefu zinazoshikana kama vidole vya mikono miwili. Mjerumani aliyebuni njia hiyo ya kuchemsha mti, Carl Dahl, mwaka 1879, aliacha neno ambalo viwanda vyote vinalitumia, kraft, na kwa lugha yake maana yake ni nguvu. Mafundi cherehani wanalijua hilo bila kusoma vitabu, ndiyo maana vipimo vya sketi na koti huvichora juu ya kaki na kuvitundika ukutani miaka na miaka.

Tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, kaki ilirudi mitaani kwa wiki chache kama ndugu aliyekuwa safarini. Mifuko mingi ya kaki bado inaingia nyumbani na sukari au dawa na kuishia jikoni kuwashia mkaa. Ile isiyo na mafuta ifungue, inyooshe kwa pasi ya uvuguvugu, iweke chini ya godoro. Januari utakuwa na majalada ya watoto wote.

Tuna utajiri mwingine ambao sijauona kwa majirani zetu kwa kiasi hiki: kadi. Kadi za kuomba mchango wa harusi, kadi za mwaliko wa harusi yenyewe, za kitchen party, za kipaimara, za komunyo. Karatasi nzito, nzuri, imetumika siku moja. Mwalimu wa chekechea aliyekuwa jirani yangu alizikusanya kanisani kwa kuomba tu. Alikata kila moja vipande vinne, akaandika silabi kwenye upande mweupe, ba, be, bi, bo, bu, na ndani ya mwezi mmoja darasa lake lilikuwa na zana ambazo dukani zingemgharimu manila nyingi. Kalenda kubwa za mabenki na za kampuni nazo, mgongo wake ni bango kitita lililo tayari.

Tena kalenda zina kazi bora kuliko bango. Hapo Tengeru kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na ni kwa mwalimu aliyetoka huko nilikojifunza jambo lililonifanya nijione nimekaa na karatasi miaka yote bila kuzielewa. Maandishi ya nukta nundu yanataka karatasi nzito ili nukta zisimame na zisilale chini ya kidole. Karatasi hiyo ni ghali na hupatikana kwa shida. Lakini kidole hakioni wino! Kalenda ya mwaka jana yenye picha ya twiga upande mmoja na tarehe upande wa pili, ambayo kwangu ilikuwa imekwisha kabisa, kwa msomaji asiyeona ni ukurasa safi. Tangu siku hiyo sijatupa kalenda. Kama ofisini kwako zipo, zipeleke kwenye shule yenye kitengo cha wasioona, zikiwa zimenyooka, hazijakunjwa.

Ofisi ni habari ngumu zaidi, na Arusha ni mji wa ofisi na mikutano. Jengo la AICC, lenye mabawa yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, limepokea wajumbe kwa makabrasha tangu miaka ya 1970. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa humo kuanzia 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na kesi zake zilizalisha nyaraka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ipo hapa. Kila mkutano una begi, kila begi lina ratiba, daftari dogo na hotuba ya mgeni rasmi ambayo mjumbe ameshaisikia. Baada ya mkutano, wafagiaji wa ukumbi ndio warithi wa karatasi hizo, na wengi wao wanajua thamani yake kuliko waliozichapa. Madaftari ya mikutano yenye kurasa tatu zilizoandikwa na hamsini tupu yamesomesha watoto wengi wa Sombetini na Ngarenaro.

Ndani ya ofisi yenyewe, tabia moja inabadilisha mengi: trei mbili karibu na mashine ya kudurufu. Moja ya karatasi zilizoharibika kwa upande mmoja, zitakazochapiwa rasimu na madokezo yasiyotoka nje ya chumba. Nyingine ya zile zisizotakiwa kuonekana na mtu. Mtu mmoja apewe jukumu la kuzisimamia, vinginevyo zitachanganyika siku ya pili. Na hapa lazima nisimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karanga kwa mama mmoja kando ya barabara. Alizifunga vizuri kwa umbo la pembe, kama wanavyozifunga wote. Nilipomaliza nikaifungua ile karatasi, kwa mazoea ya mwalimu ya kusoma kila kilichoandikwa. Ilikuwa fomu ya majibu ya maabara. Jina kamili la mwanamke, umri, kijiji, kipimo alichopimwa na jibu lake. Nilirudi.

"Mama, hizi karatasi unazipata wapi?"

"Naletewa, dada. Nanunua kwa kilo."

Hakujua kusoma. Nikanunua bunda lote lililobaki, nikalipeleka nyumbani na kulichoma, jambo ambalo kwa karatasi nyingine yoyote ningelilaani. Sikumlaumu yule mama, na hata leo simlaumu. Aliyekosea ni yule aliyeziuza akijua kusoma.

Kwa hiyo katika kuhifadhi mazingira kuna mpaka, na mpaka huo ni jina la mtu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza au kugawa majalada yake kwa kujiamulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazibana hata ofisi za watu binafsi, zahanati na shule. Orodha ya matokeo ya wanafunzi ni taarifa binafsi. Barua ya kuomba kazi ni taarifa binafsi. Karatasi zenye majina zikishamaliza muda wake kisheria zikatwe vipande, na vipande hivyo bado vina kazi: vitandikwe kwenye banda la vifaranga, au vichanganywe na samadi kwenye shimo la mboji, vinaoza na kurudi kwenye migomba na kahawa. Karatasi zinazong'aa zisiingie humo.

Risiti za dukani, zile za mashine za EFD, nazo zisiingie popote. Tunazirundika tukidhani ni karatasi kama nyingine, lakini hazichapwi kwa wino. Zimepakwa kemikali zinazogeuka nyeusi kwa joto, mara nyingi za jamii ya bisfenoli. Ndiyo maana risiti hufifia ukiiacha ndani ya gari juani. Haifai kuwashia jiko la chakula, haifai kwa mboji, haifai kufungia andazi. Kama unaihitaji kwa hesabu za mwaka, itolee kopi mapema, kwenye mgongo wa karatasi iliyotumika.

Yapo pia maboksi. Vijana wenye mikokoteni huyakusanya asubuhi kwenye masoko ya Kilombero na Samunge, na bila wao yangeishia dampo la Muriet. Boksi likiwa kavu lina bei. Likilowa au likijaa mafuta halina. Kulikunja na kulisimamisha mahali pakavu hadi wapite ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Nyuzi zake zitayeyushwa na kutengenezwa upya, na zinaweza kuvumilia safari hiyo mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno kushikana.

Kutengeneza karatasi kwa mkono kunawezekana hata kwetu. Iringa, kituo cha Neema Crafts cha Dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kwa kuwa tembo husaga chakula chake nusunusu tu na nyuzi hutoka zikiwa nzima. Meru tuna kigogo cha mgomba badala ya tembo. Shuleni tulijaribu: karatasi chakavu zililowekwa usiku kucha, zikatwangwa kwenye kinu pamoja na nyuzi za mgomba zilizochemshwa kwa maji ya jivu, tukaziteka kwa fremu yenye wavu wa dirisha, tukazigeuzia juu ya kanga kuukuu, tukazikandamiza kwa mawe, tukazianika. Zilitoka nene, zenye mabaka, na kadi za Krismasi tulizozikata humo ziliuzwa zote siku ya wazazi. Kwa kuandikia mtihani hazifai, na sitadai zinafaa.

Kilichofaa zaidi kilikuwa rahisi kuliko vyote, nasi tulikifanya wiki ya mwisho ya Novemba, mitihani ikiwa imekwisha na watoto wanangoja kufunga shule. Kila mwanafunzi alileta madaftari yake ya mwaka. Daftari la Uraia huwa na kurasa kumi tupu nyuma, la Jiografia ishirini, la Hisabati mara nyingi hakuna hata moja. Wanazitoa kwa kufungua pini kwa ncha ya kijiko, wala hawazichani, ili karatasi zibaki mbilimbili. Wanazipanga, wanazigonga mezani zinyooke, wanazikunja katikati. Mmoja anashika msumari na jiwe, anatoboa matundu matano kwenye mkunjo. Mwingine ana sindano ya gunia na uzi uliopakwa nta ya mshumaa: anaingia tundu la katikati, anapanda, anashuka, anarudi katikati, anafunga fundo kwa ndani ili lisikwame begini. Juu yake jalada la mfuko wa saruji. Wavulana walikuwa na mkono mzuri wa kushona kuliko walivyotaka ijulikane.

Darasa la watu arobaini lilitoa madaftari kati ya thelathini na arobaini kila mwaka. Tuliyapanga kabatini, kwenye rafu ya juu, mahali pa rimu ambazo zamani ziliisha Agosti, na Januari yalimngoja mtoto aliyefika getini na fomu yake mkononi, ambaye mama yake alikuwa ametosheleza vitu vyote vya orodha isipokuwa kimoja.